Wito Si Pingu: Bili ya Hospitali Ikifika Mahakama ya Madai Madogo

Siku hizi mtu wa Faza au Matondoni, visiwani Lamu, anaweza kushtakiwa na hospitali ya Mombasa bila karani, wakili wala mpeleka wito kupanda boti. Tangu Machi 2024 mahakama kote nchini Kenya zinapokea kesi kwa mtandao, na kanuni za mashauri ya madai zilirekebishwa mwaka 2020 kuruhusu wito upelekwe kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu. Karatasi iliyokuwa ikiletwa mkononi hadi mlangoni sasa huingia WhatsApp, katikati ya salamu za Ijumaa na picha za harusi. Barazani husikika ushauri wa aina mbili. Kuna asemaye ni utapeli, ifute. Kuna asemaye ni njia ya jela, zima simu uende ukakae kwa jamaa Malindi mpaka mambo yapoe. Wote wawili wanampoteza mwenzao.

Katika safari yote ya deni la hospitali, kuanzia kaunta ya kuruhusiwa kwenda nyumbani mpaka siku dalali wa mahakama anapobisha hodi kuchukua mali, Mahakama ya Madai Madogo ndipo mahali ambapo mgonjwa asiye na pesa anaweza kumwambia mdai "nionyeshe hesabu hii umeipataje" na mdai akalazimika kujibu. Pa kuogopa ni nyuma ya hapo, kwenye fomu iliyotiwa saini usiku wa dharura na kwenye simu ya mkusanya madeni. Na pa kuogopa tena ni mbele ya hapo, kwa yule aliyepata wito akanyamaza.

Mahakama hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, Aprili 2021. Kikomo chake kilikuwa madai ya shilingi 200,000. Mwaka 2020 Bunge likakipandisha hadi shilingi milioni 1. Anayesikiliza huitwa mwamuzi, naye ni wakili mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 3. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lilipofunguliwa, ingawa majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hatima ya kesi inayopitiliza siku hizo. Mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi, mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na pande zote zikikubali, shauri laweza kuamuliwa kwa nyaraka tu. Bili ya hospitali huingia hapo kama deni la mkataba wa huduma. Mahali ambapo hakuna mwamuzi, deni lilelile huenda kwa hakimu wa kawaida na hesabu ya siku 60 haifuatwi. Karani wa masjala ya Lamu au Malindi atakwambia kesi yako iko upande gani. Kwa vyovyote, Kiswahili ni lugha ya mahakama za chini kisheria sawa na Kiingereza, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba huwezi kujieleza.

Jambo la pili lililobadilika ni bima. NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, ilikoma na SHA, mamlaka ya afya ya jamii, ikaanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mvuvi, mama wa mahamri au fundi wa mashua hukadiriwa kwa hali ya nyumba yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Hapo ndipo wengi huachwa nje, kwa sababu pesa za baharini huja kwa msimu. Hata aliyelipa anakuta viwango vina ukomo: kwa viwango vilivyotangazwa, uzazi wa kawaida ni shilingi 10,000 na wa upasuaji ni shilingi 30,000. Hospitali ya binafsi ikiandika bili kubwa kuliko hapo, mvutano wa nani alipe tofauti huanza siku hiyohiyo, kaunta, mtoto akiwa mkononi.

Kuhusu kaunta hiyo, kuna jambo la kutia moyo na kuna jambo linaloeleweka vibaya. Mahakama Kuu imesema zaidi ya mara moja kwamba kumzuia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2015 wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua walipewa fidia. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Mahakama Kuu ya Mombasa ilikwisha kusema kwamba maiti si mali, na hospitali haiwezi kuishika iwe rehani ya deni. Kwa Mwislamu anayetaka kumzika maiti wake siku hiyohiyo, uamuzi huo una maana kubwa. Lakini maamuzi hayo yalifungua geti, hayakufuta deni. Hospitali iliyokatazwa kushika mwili imejifunza kushika saini, na saini ndiyo itakayoletwa mbele ya mwamuzi baadaye.

Fomu inayoletwa saa hiyo hubeba mambo matatu, na kila moja lina uzito wake. La kwanza ni kukiri kwamba unadaiwa kiasi fulani. Ukitia saini bila kuandika chochote, umeikubali hesabu ambayo hujaiona. Andika kwa mkono pembeni, "nakubali kulipa kiasi kitakachothibitishwa baada ya kupewa bili yenye mchanganuo", weka tarehe, kisha piga picha ukurasa mzima. La pili ni dhamana ya jamaa. Sheria ya Mikataba inasema ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haidaiki mahakamani mpaka iwe imeandikwa na kutiwa saini na aliyeahidi. Mjomba aliyesema kwa mdomo "msimtie shaka, mimi nipo" hawezi kushtakiwa kwa neno hilo. Mjomba aliyetia saini mahali palipoandikwa mdhamini ni mdaiwa kamili, sawa na mgonjwa. Kabla ya kutia saini kwenye mstari wowote, soma mstari huo unakuita nani: shahidi, aliyemchukua mgonjwa, au mdhamini. La tatu ni hatimiliki ya shamba. Watu wa Mpeketoni na Gongoni wameshaacha hati zao kwenye droo za wahasibu wakiamini shamba limekwenda. Halijaenda. Kushika karatasi hakumpi mshikaji ruhusa ya kuuza. Hata pale hati imewekwa pamoja na maandishi ya kuikubali kama rehani, Sheria ya Ardhi inamtaka mdai apate amri ya mahakama kabla ya kuigusa ardhi. Hata hivyo usiiache bila risiti yenye namba ya hati na jina la aliyeipokea.

Baada ya miezi kadhaa huja simu. Anayepiga hujitambulisha kwa sauti nzito, hutaja polisi, hutaja dalali, hutoa saa 24. Mkusanya madeni ni wakala wa hospitali na hana mamlaka makubwa kuliko hospitali yenyewe. Hawezi kuingia nyumbani, kuchukua kitu wala kumkamata mtu. Anayeweza kuchukua mali ni dalali wa mahakama aliyepewa leseni, tena akiwa na hati iliyotoka kortini baada ya hukumu. Mwombe akutumie kwa maandishi vitu vinne: jina la kampuni yake, barua ya hospitali inayomruhusu, bili yenye mchanganuo, na kiasi alichoongeza kama ada yake. Ada hiyo ni makubaliano yake na hospitali. Kama fomu uliyotia saini haikusema utailipa, ipinge. Akipigia jirani, mwajiri au ukoo akawatajia ugonjwa wako, amevuka mpaka mwingine kabisa, kwa sababu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Malalamiko hupelekwa ofisi ya Kamishna wa Data, nayo inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Hifadhi ujumbe, orodha ya simu zilizopigwa, na jina la kila aliyepigiwa.

Kuna mtego hapa usiozungumzwa. Deni la mkataba hufikia ukomo baada ya miaka 6 tangu lilipostahili kulipwa. Lakini mdaiwa akiandika na kutia saini kwamba anadaiwa, au akilipa sehemu yoyote, hesabu ya miaka 6 huanza upya siku hiyo. Ndiyo sababu mkusanya madeni wa bili ya zamani husema, "tuma hata 500 uonyeshe nia njema." Hiyo 500 ya M-Pesa yaweza kulitia uhai deni lililokuwa linakaribia kufa. Najua wapo watakaosema deni halifi mbele ya Mola hata likifa mahakamani. Ni kweli, na mwenye kutaka kulipa bili ya miaka iliyopita kwa dhamiri yake anafanya jema. Lakini alipe akijua, na wala hilo halimpi mtu haki ya kumhadaa.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Wapo wanaosema mahakama hii iliundwa kwa ajili ya mtu mdogo, fundi ambaye hakulipwa, mama aliyeuza samaki kwa mkopo, na kwamba kuiachia hospitali na mawakili wake ni kuigeuza mashine ya kuwakamua wagonjwa. Hoja hii ina uzito na siibezi. Sheria haikuyazuia makampuni, na kwa mtandao ofisi moja inaweza kufungua kesi nyingi kwa siku moja, kila moja ikiwa na mdaiwa asiyejua afanye nini. Zaidi ya hapo, deni la ugonjwa halifanani na deni la televisheni. Hakuna aliyelinganisha bei za upasuaji saa nane za usiku. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huyu amekopa akiwa matangani tayari.

Upande wa pili una jambo la kusikilizwa pia. Hospitali ndogo ya binafsi hulipa wauguzi, hununua oksijeni na dawa kwa pesa taslimu, kisha hungoja malipo ya bima yanayochelewa. Ikifungiwa njia ya mahakama, itarudi kwenye njia nyingine mbili: kufunga geti, ambako majaji wamekataza, au kudai amana kubwa kabla mgonjwa hajaguswa. Hiyo ya pili ndiyo inayoua. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa kituo kinachokataa kuyatoa. Lakini mgonjwa aliyeshuka kwenye boti Mokowe akiwa hoi hana nguvu za kubishana juu ya vifungu. Kati ya deni linalodaiwa kwa kesi baada ya matibabu na amana inayodaiwa kabla yake, nachagua kesi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kujificha. Wanaoishika husema: ukienda umekiri, usipoenda watachoka. Kinachotokea ni kinyume. Wito unaweza kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi nawe ukikosekana, na ujumbe uliofika kwenye simu unaweza kuthibitishwa kwa picha ya skrini na kiapo cha aliyeutuma. Siku zilizoandikwa kwenye wito zikipita bila majibu, mdai huomba hukumu, naye huipata kwa hesabu yake mwenyewe, pamoja na ada ya mkusanya madeni, pamoja na riba. Hakuna aliyemuuliza. Deni la mkataba lililokuwa na miaka 6 sasa limekuwa hukumu yenye miaka 12. Tena rufaa kutoka mahakama hii huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria pekee, wala hairudi nyuma kuhesabu vidonge na siku za kitanda. Risiti ambayo hukuipeleka mara ya kwanza huenda isisomwe na yeyote tena. Kwa aliyekwisha kuhukumiwa bila kujua, nafasi ipo ya kuomba mapitio akionyesha kwamba hakupewa taarifa, ila aende mara tu anapojua. Muda huo huhesabiwa kwa siku.

Kwa hiyo ukipata wito, kwanza hakikisha ni wa kweli. Tafuta namba ya kesi, jina la kituo na muhuri, kisha ulizia masjala kwa namba ya simu uliyoitafuta mwenyewe, usitumie iliyomo kwenye ujumbe. Ada za mahakama hulipwa kwa njia rasmi za serikali. Anayetaka utume pesa kwa namba ya mtu binafsi ili "kesi ifutwe" ni tapeli, hata kama namba ya kesi ni ya kweli. Pili, andika tarehe uliyoupokea na uhesabu siku kuanzia hapo. Tatu, andikia hospitali barua siku hiyohiyo ukidai bili yenye mchanganuo, muhtasari wa kuruhusiwa, chati ya dawa ulizopewa wodini, na taarifa ya kilicholipwa na SHA au bima nyingine. Nakala moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa, au itume kwa barua pepe ili tarehe ibaki.

Kazi kubwa iko kwenye kulinganisha karatasi hizo, na inataka saa mbili za utulivu na kalamu nyekundu. Chukua mfano wa kubuni. Mama amejifungua kwa upasuaji hospitali ya binafsi, akapata homa, akakaa. Hati ya madai inasema shilingi 261,800. Ndani yake mna asilimia 10 ya mkusanya madeni, yaani 23,800, ambayo fomu haikuitaja. Toa, zinabaki 238,000. Familia ilitoa amana ya 50,000 siku ya kulazwa na ujumbe wa M-Pesa upo, lakini bili haikuionyesha kwa sababu amana iliandikwa kwa jina la mume, zinabaki 188,000. Kitanda kimetozwa siku 7 kwa 6,500, ilhali aliingia Jumatatu jioni akatoka Jumapili asubuhi, usiku 6, na bei ya hospitali yenyewe ni kwa usiku, zinabaki 181,500. Chati ya wodini inaonyesha dawa ya mshipa ilisimamishwa siku ya nne, lakini famasia imetoza mpaka siku ya mwisho, tofauti ya 11,200, zinabaki 170,300. SHA iliidhinisha 30,000 za upasuaji na hospitali haikuzipunguza, ikidai haijalipwa bado. Hilo ni baina yake na SHA. Kama idhini ilitolewa, usikubali libebwe na mgonjwa. Zinabaki 140,300. Hakuna mwizi katika mfano huu. Hayo ni makosa ya kawaida ya ofisi: kaunta ya amana haisomani na ya wodi, famasia hutoza kwa agizo la kwanza la daktari bila kuangalia lililosimamishwa, na siku ya kutoka huhesabiwa kama siku ya kulala. Ada za madaktari wa binafsi nazo zina kanuni zake za mwaka 2016. Bei ikikutia shaka, baraza linalosimamia madaktari hupokea malalamiko.

Majibu yako mahakamani yatafuata hesabu hiyo. Kiri 140,300, pinga kilichobaki, na kwa kila unachopinga taja karatasi inayokuunga mkono na uiambatanishe. Usikane deni lote kwa hasira. Mwamuzi akikuona umekana hata usiku uliolala kitandani, ataliamini kidogo neno lako juu ya dawa. Ukiwa na dai dhidi ya hospitali kwa jeraha ulilopata humo, sheria inaruhusu dai la kupinga, ila kama thamani yake inapita shilingi milioni 1 tafuta wakili kwanza, kwa kuwa hilo si la mahakama hii.

Kisha andika pendekezo la kulipa kwa awamu, na hapa ndipo watu wa pwani hujiumiza. Wakiulizwa watalipa kiasi gani, hutaja namba moja ya kila mwezi, ile ya mwezi mzuri. Ikifika kusi, bahari ikachafuka na mashua zikakaa ufukoni, awamu ya kwanza inakosekana, ya pili inakosekana, na amri nyingi za awamu huwa na sharti kwamba ukikosa moja, deni lote lililobaki linadaiwa kwa mkupuo. Mahakama inaweza kuamuru malipo ya awamu, na hakuna kinachoizuia kuandika awamu zisizolingana. Kwa deni la 140,300, mvuvi anaweza kupendekeza 16,000 kwa mwezi kuanzia Novemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, na 4,000 kuanzia Aprili hadi Oktoba. Mwaka mmoja ni 108,000, na 32,300 zilizobaki zinaishia kwenye Novemba na Desemba zinazofuata, awamu ya mwisho ikiwa 16,300. Mwenye kazi za watalii wa Malindi au Watamu ana kalenda yake mwenyewe. Ambatanisha daftari la mauzo au taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 ionyeshe kupanda na kushuka. Pendekezo lenye ushahidi humpa mwamuzi kitu cha kuandika. Machozi matupu humwacha na hesabu ya mdai peke yake.

Na ukishindwa kabisa? Dalali wa mahakama huja kwanza kuorodhesha mali, na kanuni zinampa mdaiwa siku 7 za kulipa kabla vitu havijachukuliwa. Soma orodha yake, usiisaini bila nakala. Sheria ya Utaratibu wa Mashauri ya Madai imeviweka vitu kadhaa nje ya mkono wake: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto, mapambo ambayo kidini mwanamke hawezi kuyavua, na vifaa ambavyo mtu hawezi kufanya kazi yake bila hivyo. Nyavu na cherehani vina hoja nzuri hapo; mashua yenye injini au pikipiki itabidi uipiganie mbele ya mahakama. Mali ya mtu mwingine iliyokutwa kwako, kwa mfano friji ya dada, mwenyewe anapaswa kuweka pingamizi haraka akiwa na risiti. Kuhusu jela, kifungo cha madai kipo katika sheria zetu na hakizidi miezi 6, lakini hakiji kwa simu wala kwa hukumu peke yake. Mdaiwa huitwa kwanza ajieleze kwa nini asifungwe, na mkataba wa kimataifa ambao Kenya iliukubali mwaka 1972 unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hana uwezo wa kutimiza mkataba. Anayefungwa kwa kawaida ni yule aliyethibitika kuwa nacho akakataa kulipa, au aliyeitwa akapuuza. Asiye nacho anapaswa kwenda kusema hana, na kuonyesha.

Mgonjwa akifariki, deni linaifuata mirathi yake, halimfuati mjane wala mtoto asiyetia saini ya dhamana. Kwa Waislamu utaratibu unajulikana, na Kurani katika Suratun-Nisaa imetaja wasia na madeni kabla ya mgawo: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Hospitali ipeleke dai lake kwa wasimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Kadhi ya Lamu au Malindi ikigawa mirathi, deni lielezwe kabla ya mgawo. Ile desturi ya kutangaza mbele ya jeneza, "mwenye kumdai marehemu atuone", ni ya heshima na iendelee. Lakini msemaji wa familia asije siku ya pili akatia saini karatasi ya hospitali kwa jina lake kwa sababu ya uchungu. Atie saini kama msimamizi wa mirathi, na neno hilo liandikwe.

Haya yote yanamtaka mgonjwa ajue mengi mno. Hospitali za kaunti zina maafisa wa ustawi wa jamii wanaoweza kupendekeza bili ipunguzwe au isamehewe, lakini ombi hilo hufanywa kabla ya kutoka, na wengi huambiwa habari zake wakiwa wamekwisha kuuza mbuzi. Hospitali ya binafsi inayotaka msaada wa mahakama ingepaswa kuja na mchanganuo, risiti zote za amana na majibu ya SHA tangu siku ya kufungua kesi, na mwamuzi anayo nafasi ya kuvidai kabla ya kutoa hukumu ya upande mmoja, kwa kuwa hakuna sheria inayomlazimisha kuamini jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Wito unaokwenda visiwani kwa simu nao ungekuja na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: unadaiwa na nani, siku ya mwisho ya kujibu ni tarehe gani, majibu yanaandikwa vipi, masjala iko wapi, na kwamba unaweza kusikilizwa kwa video bila kulipa nauli ya boti na basi hadi Mombasa. Ukurasa huo unaweza kuandikwa kwa asubuhi moja na kuchapishwa na kila masjala, kuanzia ya Lamu.